Nataka ndege chozi na vipepeo uani kwangu Goba, fundi anataka pevingi ukuta hadi ukuta

Kijana wa Goba:

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi.

Nimehamia Goba, hapa Dar, nyumba imekamilika, kilichobaki ni uwanja. Kiwanja ni 20 kwa 25 na nyumba imekula karibu nusu. Fundi ananishauri nisawazishe pote, nilaze pevingi, mbele nipange miashoki, basi. Anataka pia aukate mkwaju ulioko kona ya nyuma. Anasema unachafua na ipo siku utaangusha ukuta. Ni mkubwa kuliko nyumba, na aliyeniuzia kiwanja alisema naye aliukuta.

Mimi nimelelewa na bibi Kisarawe. Pale chozi, wale ndege wadogo wanaokunywa maji matamu ya maua, walikuwa wanaingia hadi barazani, vinyonga tunawaona kwenye ua, usiku komba wanalia mpaka mgeni anashtuka. Hapa nasikia kunguru tu, tena wanaanza kabla hakujapambazuka. Natamani wanangu wavikute vitu vile hapa hapa nyumbani, wasisubiri likizo ya kwenda kwa bibi.

Naombeni ushauri. Mke wangu anaogopa nyoka, na ana haki, maana mafundi waliua mmoja wakati wa kuchimba msingi. Nikiweka chombo cha maji cha ndege, si ndiyo nimewafugia mbu wa dengue? Halafu mlimau wangu unaliwa na viwavi, duka la pembejeo wamenipa dawa ya kupulizia lakini bado sijaifungua. Vuli iko karibu, nataka kupanda. Nipande nini?

Baba Naima:

Ndugu yangu, mimi nakwambia kwa upendo, weka pevingi. Nina watoto wadogo watatu, najua ninachosema. Majani yakikua uani wewe unaona bustani, nyoka anaona nyumba yake. Ndege watakuja tu hata ukiwa na maua mawili kwenye chungu. Kuhusu mkwaju sina utaalamu, ila mti mkubwa karibu na bati upepo ukivuma usiku hulali.

Mwalimu Mstaafu, Kimara:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhamia kwako. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka mingi na nimeiona Kimara ikiwa mikorosho mitupu, kwa hiyo utanivumilia nikiandika kirefu.

Nianze na mkwaju kwa sababu ndio wenye haraka. Fundi akija kesho na msumeno, ushauri wote huu umekwisha. Usiukate. Mkwaju ni mti wa Afrika, hakuna aliyeuleta, na hukua polepole mno. Mche utakaopanda leo, wajukuu zako ndio watakaouona umefika hapo. Ukianza kutoa maua, amka mapema usimame chini yake. Maua ni madogo, ya njano hafifu yenye mistari myekundu, ukiwa mbali huyaoni kabisa, lakini mlio wa nyuki utausikia kabla hujamwona hata mmoja. Gome lake limepasukapasuka, na ndani ya ile mipasuko wanaishi buibui na mijusi. Chakula cha ndege kiko pale pale mtini, hujanunua kitu. Hofu ya Baba Naima kuhusu bati ni halali: mtafute mtu anayejua kupogoa, akate matawi yanayoelekea nyumbani na ukutani, shina liachwe. Na huo uchafu anaousema fundi, vijani vyake vidogo vikidondoka, viache palepale chini ya mti. Vitaoza, udongo utakuwa mweusi, mwaka kesho utachota mboji humo.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Watu wakitaka ndege hukimbilia maua. Chozi kweli anakunywa maji matamu ya maua, lakini makinda yake anayalisha wadudu na buibui. Mnana anakula mbegu, naye akiangua hubeba viwavi na panzi kupeleka kiotani. Kiota cha chozi chenyewe, kile kifuko kinachoning'inia kwenye kijiti, kimeshikizwa kwa utando wa buibui. Ukikitazama kwa karibu utaona nyuzi zile zimezungushwa kwenye majani makavu na vipande vya magome, na mlangoni kuna kijipaa kidogo cha kuzuia mvua. Kwa hiyo nyumba inayopulizwa dawa kila mwezi, ufagio unapita kila kona ya baraza, majani yanachomwa kila asubuhi, hata ukipanda maua ya kila rangi, chozi atapita anywe aende zake. Hawezi kulea hapo. Huo moshi wa majani wa asubuhi, kwa kweli, unaniuma. Mtaa mzima unachoma mbolea yake halafu Jumamosi unaenda kununua samadi.

Ndiyo maana nakwambia, kabla hujanunua mche wowote, angalia kilichopo. Fundi alaze pevingi pa kuegesha gari na njia ya kwenda mlangoni, mwisho hapo. Goba ni vilima. Maji ya masika yakikosa pa kuzama kwako, yanashuka kwa jirani wa bondeni. Karibu na nyumba, mita mbili au tatu kuzunguka, weka nyasi fupi, ukoka au nyasi za Pemba. Nyuma, chini ya mkwaju, acha kipande kiote kinachoota chenyewe. Kitaota mchicha pori, mnavu, mlenda, na nyasi zenye masuke. Ng'oa unachokichukia, bakisha vingine. Masuke yakikomaa utaona chiriku wananing'inia juu yake, shina linapinda mpaka linagusa chini. Na mnavu mtakula.

Hapo ndipo tunapofika kwa nyoka, na mwambie mkeo nimemsikia. Nyoka huja kwa sababu ya panya, vyura, mayai ya kuku, na mahali pa kujificha. Tofali zilizobaki za ujenzi, mbao zilizolazwa chini, mabati ya zamani yaliyoegemezwa ukutani, hayo ndiyo makazi yao hasa, na kwenye nyumba mpya vitu hivyo hukaa miaka. Viondoe vyote wiki hii. Pumba na chakula cha kuku kaa navyo kwenye pipa lenye mfuniko. Usiku mtu asitoke bila tochi na viatu. Ukanda wa nyasi fupi niliousema ni kwa ajili hiyo: mtoto akitoka mlangoni anaona anapokanyaga. Wengi wa nyoka wa mijini hawana sumu ya kumdhuru mtu, lakini pwani yetu ina swila, ina kifutu, ina na yule wa kijani wa kwenye miembe na minazi ambaye ni hatari kweli. Basi wafundishe watoto sheria moja tu: nyoka hashikwi, hachokozwi, anaitwa mtu mzima. Akimuuma mtu, hospitali moja kwa moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Maji ya ndege: weka, tena utafurahi. Tumia bakuli pana la udongo, kina kisizidi vidole viwili, na jiwe katikati la kutua. Dengue tumeiona hapa mjini mwaka 2014 na tena 2019, sichukulii wepesi. Mbu yule anahitaji kama wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukibadilisha maji kila siku au kila baada ya siku moja, hafiki popote. Watu wengi wanachokosa ni hiki: mayai hayatagwi majini, hugandishwa ukingoni, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri. Kwa hiyo usimwage tu. Sugua ukingo kwa brashi. Halafu zunguka nyumba utazame visahani vya chini ya vyungu, matairi, na ndoo za akiba tunazoziacha wazi maji yakiwa ya mgao. Huko ndiko mbu wengi wanakozaliwa.

Nitarudi kwenye viwavi na miche, jua linazama nikamwagilie.

Mkulima wa Kibada:

Mwalimu amemaliza, mimi niongeze la kunguru, maana huku Kigamboni tumepigana nao sana.

Kijana, yule mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka bahari, sasa wamejaa pwani yote. Jijini wameshawekewa mitego na sumu, na bado wapo. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, na siku hizi kumwona mjini ni bahati. Huyu wa kijivu anakula mayai, anakula makinda ya tetere, shore, chozi, na vifaranga wangu. Unaweza kuwa na miti yote ya Mwalimu, lakini kunguru wakikaa juu ya bati lako wanaangalia, ndege mdogo hataangua.

Kwangu kilichosaidia ni kuwanyima chakula. Pipa la taka lina mfuniko mzito. Matumbo ya samaki na kuku tunafukia shimoni siku hiyo hiyo. Bakuli la mbwa likiisha linaingia ndani. Na usitupe wali au ugali uani ukidhani unalisha ndege, wa kwanza kufika ni wao. Wakianza kujenga kwenye mwembe tunakishusha kiota mapema, kabla hawajataga. Utakuta wamejenga kwa vipande vya nyaya, huwezi kukosea.

Jambo la pili, panda kichaka kizito chenye miiba au matawi yaliyosongamana. Kunguru ni mkubwa, hapenyi. Mimi nina ua wa michongoma upande wa barabara, shore wanaangulia humo ndani na kunguru anabaki kupiga kelele nje.

Na tafadhali, ukiona majimoto kwenye mwembe au mnazi, wale chungu wekundu wanaoshona majani, usiwamwagie mafuta ya taa. Wanauma, najua, unapanda mti unashuka unacheza ngoma. Lakini ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza nazi changa hadi zinapukutika. Mnazi wangu wenye majimoto na usio nao, ukisimama chini unajua upi ni upi.

Kijana wa Goba:

Asanteni sana. Mwalimu, nimempigia fundi, mkwaju umebaki. Tofali zilizobaki jirani anazichukua kesho, kumbe alikuwa anazitaka siku zote. Mke wangu amesoma maneno yako na amekubali kipande cha nyuma kiachwe, kwa sharti la nyasi fupi mbele.

Kuhusu viwavi. Nimewaangalia leo vizuri. Wadogo wana rangi ya kahawia iliyoiva na baka jeupe, nilidhani ni kinyesi cha ndege mpaka kimoja kikatembea. Wakubwa ni wa kijani, wanene kama kidole changu kidogo. Nilimgusa mmoja kwa kijiti akatoa kitu chekundu kama pembe mbili nyuma ya kichwa, na harufu ikatoka kali sana. Mwanangu wa kike alikimbia, kisha akarudi kuomba nimguse tena. Ni sumu?

Mwalimu Mstaafu, Kimara:

Si sumu, na huyo binti mshike vizuri, ana jicho la kisayansi.

Wadogo na wakubwa ni kiumbe kimoja. Ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, anayepita uani kwa haraka kama aliyechelewa. Mama yake hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya mlimau, mdimu au mchungwa. Akiwa mdogo hujifananisha na kinyesi cha ndege, kama ulivyoona mwenyewe, ili asiliwe. Akikua hubadilika kijani, afanane na jani. Ile pembe yenye harufu ni ya kuwafukuza chungu na wadudu wengine, kwa mtu haifanyi kitu. Atakapokoma kula, mtafuteni kwenye kijiti: anajifunga uzi mmoja kiunoni, mgongo umelalia nyuma, ngozi inavuka na kubaki ganda lililosimama kama jani lililokunjwa. Baada ya wiki mbili hivi hutoka kipepeo, kwa kawaida asubuhi, na hukaa muda mrefu akikausha mabawa kabla hajaruka. Mkikuta ganda limekuwa jeusi na rangi ya njano inaonekana ndani, siku yake imefika, msiende mbali.

Mlimau wako kama umefika kimo cha mtu, haufi kwa viwavi hao. Utapoteza majani na utachipua. Kama ni mche mdogo, wahamishie kwa mkono kwenye mti mkubwa wa jirani, naye mwambie usiifanye siri. Hiyo dawa irudishe dukani ikiwa haijafunguliwa. Ukiipiga utaua viwavi, na buibui, na nyuki walioko mkwajuni.

Na jambo jingine la sumu. Nyumba mpya hupata panya, na watu hutega sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi ndiye anayemdaka. Yule bundi mwenye uso mweupe, babewatoto, kazi yake usiku kucha ni panya. Najua tunavyomwogopa. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akimsikia juu ya paa anatuamsha tusome dua. Sikumbishia, na wewe ukiwa na mzazi nyumbani usimbishie. Lakini usimrushie mawe, na usimlishe sumu. Tumia mtego wa kawaida.

Sasa miche. Hapa mjini tuna mazoea ya kupanda vya kuja, na mazoea hayo ni ya zamani. Ile Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mazao. Mwashoki umetoka India, mwarobaini India, mkrismasi Madagaska. Sisemi ukute mwarobaini wenye kivuli uukate, la. Nasema usiongeze. Na lantana, hata muuza maua akikusifia vipi, usinunue: ndege wanakula mbegu zake, wanazidondosha msituni, nayo inafunika miche ya asili. Hapo kwenu Kisarawe, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi una komba mdogo sana ambaye duniani kote anapatikana Tanzania tu, tena kwenye misitu michache. Pwani nzima misitu ya namna hiyo imebaki vipande. Tusiwapelekee vamizi kutoka kwenye bustani zetu.

Kwa nafasi yako, ningepanda hivi. Kando ya ukuta unaopata jua, shubiri zenye maua mekundu au ya machungwa. Ile inayouzwa sana, ya maua ya njano, asili yake ni Arabuni, chozi ataijia, lakini ulizia zetu. Kona ya mbele, mkwamba. Ni kichaka, umewahi kukiona pembeni ya barabara bila kukijali, kinazaa vitunda vyeupe vidogo, na vikiiva shore wanasahau kuogopa watu. Mtopetope mwitu ukiupata, nao haukui mkubwa. Mbungo ungependeza na mabungo mnayajua, lakini unatambaa na kupanda sana, kwako hautoshi, isipokuwa uuelekeze mkwajuni, na mimi nisingeubebesha. Mpingo ukitaka kwa heshima ya mti wetu wa taifa, panda, ila jua ni mpole mno kukua. Mkuyu hapana, kiwanja chako ni kidogo na mizizi yake itaingia kwenye shimo la choo.

Usichimbue miche kwenye hifadhi. Wakala wa Misitu wana miche, na wauza maua wa barabarani ukiwaagiza cha asili wanakutafutia, tatizo hakuna anayeagiza. Panda mvua za kwanza zikishalowesha udongo. Vuli huwa fupi, kwa hiyo Januari na Februari mwagilia kwa maji ya kuoshea mchele au vyombo yasiyo na sabuni nyingi, mpaka masika. Komba na kinyonga wakija wenyewe, waacheni huru. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyama pori akamfuga bila kibali, na watoto wajue hivyo mapema.

Baba Naima:

Mwalimu shikamoo. Hilo la tofali sikuwa nimelifikiria. Nina rundo nyuma ya choo cha nje tangu tumalize kujenga. Naliondoa, pevingi yangu inabaki, ila ukutani nitaziweka hizo shubiri.

Dada wa Sinza:

Mwalimu, sisi tuliopanga tufanyeje? Chumba na sebule, uani ni zege la wapangaji wote, na mwenye nyumba hataki mti.

Mwalimu Mstaafu, Kimara:

Marahaba Baba Naima, shubiri zinatosha kabisa kuanzia.

Dada, ndoo za rangi za lita 20, zitobolewe matundu chini zisishike maji. Weka kokoto kidogo, kisha udongo wa kichanga na samadi iliyooza. Ndoo moja mdimu, nyingine shubiri, zikae zinapopata jua la asubuhi. Mdimu wa ndoo hautazaa sana, lakini kipepeo hachagui ukubwa wa mti, akipata majani machanga anataga. Usiweke kisahani chini yake. Ukihama unabeba. Miche ya midimu ninayo ya ziada, nimeotesha mwenyewe kwa mbegu. Ukiwa na safari ya Kimara niandikie kwenye ujumbe wa siri, njoo jioni baada ya saa kumi, na uje na mfuko mgumu maana ina miiba.